Nahodha Asiyesalimia

Ilianza kwa majirani kusema kwamba baba yangu amekuwa na majivuno. Katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya mto, pale Kisangani, kumpita mtu bila kumwamkia kulikuwa karibu sawa na kumtemea mate, na baba alikuwa akiwapita wote: wanawake kwenye bomba la maji, wazee waliocheza dama chini ya upenu, hata katekista. Alitembea katikati ya njia, shingo wima, macho mbele, kama askofu siku ya kipaimara.

"Ona kapiteni," walisema nyuma yake. "Tangu bamupe kofia ya kampuni, hajue tena batu."

Ukweli ni kwamba hakuwaona.

Nyumbani tulilijua hilo. Ujanani alikuwa amefanya kazi ya kuvuta mizigo kando ya maporomoko yaliyo juu ya mji, mahali ambapo boti hazipiti na usubi, wale wadudu wadogo weusi wa maji yaendayo kasi, huuma tangu alfajiri. Kwanza ulikuja mwasho. Kisha miguu ikatoka mabaka meupe, kisha vinundu kiunoni, na mwishowe yakafuata macho. Giza lilimwingia kutoka pembeni, akawa anautazama ulimwengu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Halafu ndani ya bomba lenyewe kukaingia moshi.

Mama ndiye aliyeamua tufanye nini, kama alivyoamua mambo yote ya nyumba yetu.

"Majivuno haifukuze mutu kazi," alisema akichambua sombe, majani ya muhogo ya mchana ule. "Macho njo inafukuza. Muache baseme."

Tukawaacha waseme. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya matofali na bati, vyumba viwili na jiko la nje, na ilikuwa mali ya kampuni. Nahodha alipewa nyumba. Asiye nahodha hakupewa. Tulikuwa watoto sita na bibi mmoja, na sheria ilikuwa fupi kiasi hicho.

Mtu anaweza kuuliza asiyeona anaendeshaje boti. Ni swali zuri. Kwa muda mrefu hatukuliuliza, kwa kuwa jibu lake lilikuwa likitulisha. Chombo cha baba kilikuwa kizito, cha chuma, chenye injini iliyokohoa kuliko ilivyosukuma. Kiliteremka hadi Isangi na abiria, chumvi na makayabu, samaki wa chumvi, kikapanda na mawese na mpunga. Mbele kabisa, kwenye omo, walisimama wapimaji wawili, mmoja kila upande, kila mmoja na upondo wake uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu kwa zamu. Waliuchovya, wakauinua, wakaimba kina cha maji. Mto wetu ni mpana kuliko akili ya mtu, lakini mahali pengi hauna kina cha kumfunika mbuzi. Mafungu ya mchanga huhama kila msimu, na boti isiyopimiwa njia hukaa mchangani ikingoja mvua. Maji yakiwa mengi wimbo hulegea. Yakipungua, unapanda na kuharakisha. Nahodha huendesha kwa masikio nusu na macho nusu, na baba alikuwa ameongeza tu ile nusu ya masikio. Mpimaji wa upande wa kulia alikuwa kaka wa mama, tonton wangu, mtu wa Isangi, mwenye sauti ya kumwamsha mamba.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, Mungu akipenda na kampuni ikisahau. Kampuni haikusahau. Katikati ya ile miaka ya hamsini ilitoka amri kwamba manahodha wote wa boti za injini wafunzwe upya, mafunzo ya juu, na mwisho wapimwe majini. Atakayeshindwa atashushwa kwenda kupakia kuni.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa Mbelgiji aliyezaliwa kando ya bahari ya kwao na kufanya kazi miaka kadhaa huko ambako mto wetu unaingia baharini. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu wema wake ndio uliotumaliza. Alikuja na dira, ramani za pwani, na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa yeye, ndivyo alivyotufundisha sisi. Tulikaa ndani ya ghala, watu wenye grisi hadi kwenye viwiko, tukijifunza jinsi mwezi unavyovuta bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

"Monsieur," nahodha mmoja aliuliza, "maji ya bahari ikienda, inaendaka wapi?"

Mwalimu akaeleza kwamba yanakwenda upande mwingine wa dunia, kisha yanarudi.

"Bon," nahodha akasema. "Donc bahari haiko kampuni. Kampuni ikibeba, hairudishe."

Hilo sikulitafsiri. Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nilikuwa nimetoka kwa mapadri baada ya kuukataa upadri, au upadri ulinikataa mimi, habari zinatofautiana. Na kampuni ilihitaji kijana wa kugeuza Kifaransa cha mwalimu, kilichojaa mchanga wa kwao, kiwe Kiswahili cha watu. Nikaandikwa mkalimani na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Darasani niliwashinda wote. Majini niligonga gati, nikagonga boya, nikagonga gati tena, na siku moja nikagonga choo cha kampuni kilichojengwa juu ya maji, ambamo karani alikuwa amejipumzisha. Tangu hapo nimesoma hadi chuo kikuu na kuandika makala nyingi, na tabia haijabadilika: hufika nilipokusudia kwa kasi mno na bila kamba mkononi.

Baada ya bahari tulifundishwa mambo yenye faida. Kufika gatini ukiutazama mkondo, si ukiupa mgongo. Kujua kwamba rafadha ikizunguka kinyumenyume huvuta tezi, nyuma ya boti, pembeni, na kuitumia tabia hiyo badala ya kupigana nayo. Kupunguza mwendo unapoipita mitumbwi, maana wimbi la boti humwaga watu kama dagaa. Na zaidi ya yote, kumwokoa aliyeanguka majini. Kwa somo hili mwalimu alitoa kofia yake ya jua iliyozeeka, akaitupa mtoni.

"Huyo ni mtu," alisema. "Nendeni mkamchukue."

Ulipaswa kuzunguka, kuijia kofia kutoka upande mto unakoelekea, na kuzima injini kabla hujaifikia. Mto humpa mtu dakika chache, alisema. Rafadha haimpi hata moja. Wenzangu waliiokota. Mimi niliikata vipande viwili, na mwalimu akalazimika kutoa kofia nyingine.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa vibao. Kwenye kingo za mto kampuni ilisimamisha vibao vyeupe viwili viwili, kimoja chini, kingine nyuma yake na juu zaidi. Nahodha huiweka boti mahali ambapo viwili huonekana kama kimoja, akavifuata mpaka aone jozi nyingine upande wa pili. Mtu mwenye macho huona ni mchezo wa watoto. Baba hakuona kibao, wala mti kilipopigiliwa, wala ukingo uliobeba mti.

Jioni mama alimwita kaka yake jikoni.

"Ile wimbo yenu ya maji," alimwuliza, "iko na nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya kutia mukono ya kuume na mukono ya kushoto."

Tonton aliweka chini kwanga yake, ule mkate wa muhogo. "Dada, unataka wimbo ya babu yetu ya zamani iseme uongo?"

"Haitasema uongo. Itasema kibao iko wapi. Kibao iko kweli, haiko?"

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, uso umeelekea moto, kitu pekee alichokiona vizuri. "Na kofia?" akauliza taratibu. "Kibao inakaa pahali yake. Kofia inatembea."

"Kofia nayo tutaimba," tonton akasema. "Shemeji, hata Muzungu akitupa soksi, tutakuimbia soksi."

Tukafanya mazoezi uani. Wadogo zangu walisimama kando ya ua wakiinua sahani nyeupe. Hizo ndizo zilizokuwa vibao. Tonton aliimba kwa Kilokele, lugha ya watu wa kando ya mto, akichomeka katikati ya vina vya maji maneno aliyoyatunga mama. Baba alishika mfuniko wa sufuria kubwa akaugeuza kama usukani. Mimi, msomi wa familia, nilipewa kazi ya kulala chini na kuwa fungu la mchanga. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua, akatazama kwa muda mrefu, akaondoka. Nadhani aliongeza wazimu kwenye yale majivuno.

Siku ya mtihani nilisimama nyuma ya mwalimu, nikisali kwa niaba ya ukoo mzima. Baba alishika usukani. Pondo zikaingia majini, wimbo ukaanza, na chombo kile kizito kikapita kati ya mafungu kama sindano kwenye kitambaa. Kibao kwa kibao. Mwalimu akaanza kuufuata wimbo kwa pua.

"Wanaimba nini?" akaniuliza. "Leo wimbo ni mrefu."

"Wanahesabu maji, Monsieur."

"Kuna maji mengi basi," akasema, akacheka, akaitupa kofia.

Tonton aliiimba kofia ile kama mtu anayemwimbia bibi harusi. Baba akazunguka kwa upole, akaijia kutoka chini, akazima injini. Katika kimya kile kofia ilielea yenyewe hadi ubavuni mwa boti, tonton akainama akaichukua. Mwalimu alipiga makofi. Alisema hajaona hivyo hata baharini.

Baba alikuwa wa kwanza. Na kwa kuwa alikuwa wa kwanza, mwalimu alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa kampuni, akamtetea, akamgombania, na akarudi na zawadi: baba apewe motaboti mpya ya kumbeba mtawala wa wilaya, ile nyeupe, nyepesi, yenye injini mbili, ambayo hakuna mtu mweusi aliyewahi kuishika hapa kwetu. Akampa mkono mbele ya watu wote. Baba alichelewa kidogo kuuona mkono. Watu wakadhani ni heshima.

Jioni ile kambi yote ilijaa kwetu na pombe ya mchikichi na lotoko, ile gongo ya kwetu. Hata waliomsengenya walikuja. Mama alipakua chakula cha watu wote, na yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani. Tonton alikaa mlangoni na upondo wake magotini.

"Kwenye ile motaboti," alisema bila kumtazama mtu, "hakuna pahali ya upondo."

Hapakuwapo. Kwa kasi ile upondo ungemng'oa mtu bega. Boti ile ilipita juu juu ya maji, na aliyeiendesha alitumia macho tu. Tulikuwa tumemwimbia baba hadi mahali ambapo wimbo haufiki.

"Kataa," nilimwambia.

"Nikatae niseme nini?" akauliza.

Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Mama alikuwa akitazama paa, mabati yetu ya kampuni. Kisha akasema kwamba nitakwenda naye mimi, niwe msaidizi wake. Na kwa kuwa hapawezi kuimbwa, nitaweka mkono mabegani mwake. Bega la kulia, kulia. La kushoto, kushoto. Yote mawili, simama. Ilionekana rahisi, hasa kwa watu waliokuwa jikoni.

Safari ya kwanza tulitumwa kuipeleka motaboti Isangi, alikokuwa akingoja mtawala. Tulikuwa wawili tu, na mapipa ya petroli. Mwalimu alitupungia kofia yake kutoka gatini, na mimi nikampungia kwa niaba ya wawili. Baba aliongeza moto. Injini zilinguruma, na sauti zote alizozijua zikafa: maji kwenye ukingo, ndege wa visiwani, watu wanaofua. Nilihisi bega lake likikakamaa chini ya kiganja changu. Nilibonyeza, akageuza. Tukapita visiwa vya kwanza, tukapita mafungu meupe yenye korongo, na nikaanza kufikiri, kama nifikirivyo kila mara kabla ya kugonga kitu, kwamba nimeielewa kazi.

Karibu na Yanonge ilikuwa siku ya soko. Miaka ile magugu maji yalikuwa yameanza kuujaza mto, visiwa vizima vinavyoelea vyenye maua ya zambarau, na nyuma ya kisiwa kimoja cha namna hiyo ulichomoza mtumbwi, umelemewa hadi mdomoni, na mama mmoja amesimama akipiga kafi.

Nilibonyeza bega la kushoto kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele. Baba akageuza papo hapo. Lakini mtu anayeona hugeuza kabla hajaambiwa. Sisi tulikuwa watu wawili, na kati ya jicho langu na mkono wake palikuwa na urefu wa mtumbwi.

Hatukuukumba katikati, tulimega tezi yake. Nilisikia mti ukipasuka. Kabla sijasema lolote baba alikuwa ameshazima injini zote mbili.

"Mutu iko wapi?" akauliza.

"Nyuma. Upande ya kushoto. Anashika kipande ya mutumbwi."

"Iko peke yake?"

"Peke yake."

"Usiwashe. Mto inatubeba sote na mwendo moja. Tupa kamba."

Nilitupa kamba, nikakosa, nikatupa tena. Alipoishika nilimvuta hadi ubavuni, nikampandisha kwa kwapa. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekaa vibaya, vimeelekea mahali ambapo vidole havielekei. Alitapika maji. Akatazama mto, ambako vifurushi vyake vya kwanga vilikuwa vikienda zake kimoja kimoja, vimefungwa vizuri kwenye majani. Kisha akainuka mbele ya baba.

"Weye!" akapiga kelele. "Macho yako ni ya nini? Uko kipofu?"

Kila mtu kwenye mto ule hulisema neno hilo kila siku, kwa aliyekutia maji, kwa aliyekukanyagia wavu. Halingoji jibu. Baba akavua kofia mpya ya kampuni.

"Ndiyo, mama," akasema. "Niko kipofu."

Yule mama alidhani anachezewa. Akainua mkono wake mzima, akaushusha kwa kasi kuelekea usoni mwa baba. Baba hakurudi nyuma. Hakupepesa hata ukope. Mkono ulisimama karibu na pua yake, ukabaki hapo, na baba aliendelea kutazama mahali pasipo na mtu, akingoja kujibiwa.

Yule mama akaugeuza uso kwangu. "Na weye? Weye uko na macho?"

"Ndiyo, mama."

"Bon," akasema, na akaketi chini akishika vidole vyake.

Tulimfikisha kwao, kwa watu wake, na maneno tuliyoambiwa pale ukingoni tulistahili. Isangi hatukufika; kutoka hapo niliendesha mimi kurudi Kisangani, polepole, na gati niliigonga. Mwalimu alikuwa amesimama palepale. Aliona nani ameshika usukani, akaona omo iliyochubuka.

Baba alinigusa mkono. "Mwambie."

Nikaanza kwa Kifaransa kizuri sana habari ya magugu maji. Baba hakuwa na Kifaransa kingi, lakini alikuwa nacho cha kutosha kunikatiza.

"Non, Monsieur," akasema. "Haiko magugu. Les yeux." Akagusa jicho moja, kisha la pili.

"Haiwezekani," mwalimu akasema. "Uliishika kofia yangu."

"Nilishika wimbo, Monsieur."

Nililitafsiri. Nimewahi kutafsiri mengi maishani, kwa malipo na bure, na sijaona tena sentensi fupi hivyo ikimwingia mtu polepole hivyo. Mwalimu alimtazama baba, akawatazama wapimaji waliokuwa wamekaa mbali wakila, akaketi juu ya rundo la kamba. Naambiwa alikwenda tena kwa wakubwa wa kampuni kumtetea. Safari hii hawakumsikiliza, na sijui kama angestahili kusikilizwa. Motaboti alipewa Mgiriki.

Mwisho wa mwezi alikuja mtu wa kampuni kuchukua ufunguo wa nyumba. Tulikuwa tumepata chumba cha kupanga huko Kabondo, chenye paa la majani. Mama alibeba sufuria ile kubwa kichwani, mfuniko wake ukigongagonga. Tonton alibeba bibi. Mimi nilibeba vitabu vyangu, ambavyo hakuna aliyekuwa ameomba vibebwe.

Baba alitoka mwisho, fimbo mkononi, na kwa kuwa hapakubaki kitu cha kuficha, akaanza kusalimia. Alisalimia kila sauti aliyoisikia na kila kivuli kilichopita kwenye moshi wake. Jambo mama. Jambo papa. Alivua kofia mbele ya bomba la maji, na wanawake wakatazamana.

"Ona," mmoja akasema. "Nyumba inatoka, adabu inarudi."

Mama alisimama. Alikuwa ameyameza maneno ya namna hiyo kwa muda mrefu, kwa amri yake mwenyewe. "Hakukuonaka, mama," akamwambia, bila hasira. "Wewe, na huyu, na yule. Hajaonaka mutu hapa tangu zamani."

Ndoo moja ilijaa, ikaanza kumwagika, na mwenyewe hakuiondoa.

Baba alikuwa ametangulia. Mwishoni mwa kambi palikuwa na nguzo ya taa, nene, iliyopakwa lami. Alisimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Jambo papa," akasema.

Nguzo haikuitika. Baba akangoja kidogo, kama adabu inavyotaka, kisha akaendelea na safari.